Uvumilivu, ustahimilivu, subira, kuvumiliana: lipi litumike wapi?

Mhariri wa Vijana:
Wakuu, naomba ushauri wa lugha. Nahariri kijitabu cha vijana kuhusu watu wa dini na mitazamo tofauti kuishi pamoja. Maneno hayo manne yametumika kana kwamba ni kitu kimoja, na sura ya pili inaitwa "Uvumilivu wa Kidini". Niyaache hivyo?

Msarifu:
Anza na jina la sura. "Uvumilivu wa kidini" msomaji anaweza kuuelewa kama subira ambayo dini humfundisha muumini wake: kuvumilia maradhi, dhiki, mitihani. Mtu wa pili hayumo ndani ya neno hilo. "Kuvumiliana Kidini" inamwingiza, kwa sababu kiambishi -an- kinadai pande mbili. Ndani ya matini usiogope urefu: "kuvumiliana kati ya waumini wa dini mbalimbali".

Ila ukibadilisha neno, badilisha na upatanisho. Uvumilivu unahitajika, subira inahitajika, kuvumiliana kunahitajika. Anayeiachia kompyuta ibadilishe neno moja moja huishia na "kuvumiliana wetu umepungua" mahali pa "kuvumiliana kwetu kumepungua". Soma kila sentensi hadi mwisho. Kinyume cha kuvumiliana ni "kutovumiliana".

Kamusi Mkononi:
Subira iondoe katika mada hii. Ni neno la kungoja na kutokata tamaa, ndiyo maana husemwa subira yavuta heri. Mtu anaweza kuwa na subira kubwa huku hamtaki kabisa jirani wa dini nyingine.

Ustahimilivu unabeba wazo la kuhimili uzito au shinikizo: mbegu zinazostahimili ukame, nguzo inayostahimili mzigo. "Kustahimiliana" kwa watu ni Kiswahili safi. Tatizo ni kwamba siku hizi "ustahimilivu" umezoeleka mno katika habari za jamii kuhimili majanga na mabadiliko ya tabianchi, na kijana atakwenda huko kwanza. Stahimili na stahamili zote zipo. Chagua moja uishike kitabu kizima.

Kalamu Nyeusi:
Nakubaliana na Msarifu, lakini -an- isipachikwe kila mahali. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alitoa Amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu kwa masharti. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne akaifuta. Ukiandika kwamba mfalme na Waprotestanti "walivumiliana" umepotosha historia. Waprotestanti walivumiliwa, na aliyewavumilia alikuwa na uwezo wa kuacha. Kauli ya kutendwa inaonyesha nguvu ziko kwa nani. Kwa hiyo kila sentensi iulize kwanza: nani anamvumilia nani, na je, huyo wa pili naye ana nafasi ya kuvumilia?

Kwa sababu hiyo hiyo "tunawavumilia majirani zetu" inasikika kama tusi; kitenzi kinamgeuza jirani kuwa kero. Azimio la UNESCO la tarehe 16 Novemba 1995 kuhusu suala hili linakataa wazi maana ya kumfanyia mwenzako hisani ukiwa juu yake. Pale kijitabu kinapoeleza lengo, andika "kuvumiliana na kuheshimiana", yote mawili. Lugha ya kanisani ina "kuchukuliana" pia, neno zuri, ila kwa wasomaji mchanganyiko si wote watalipata.

Mhariri wa Vijana:
Asanteni sana. Kuna pia "uvumilivu sifuri kwa unyanyasaji".

Msarifu:
Futa. Andika "Kikundi hiki hakitavumilia unyanyasaji wa aina yoyote", ili mwenye wajibu aonekane. Kisha pitia sura hiyo yote: popote aliyenyanyaswa anapoambiwa "avumilie" au "wavumiliane" na aliyemtendea, ondoa. Tunavumiliana katika tofauti za imani, desturi na maoni. Dhuluma ina vitenzi vyake: kukemea, kuripoti, kuzuia.