Nimegongwa na gari nikiwa kwenye baiskeli Magomeni Kagera, kila mtu ananiambia "yamalizeni". Yaishe vipi?

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie. Wasimamizi wa jukwaa naomba uzi huu msiupeleke kule kwenye vichekesho.

Jumatano asubuhi nimegongwa na gari Barabara ya Morogoro hapa Dar, umepita kituo cha Argentina hujafika Kagera, nikiwa kwenye baiskeli natokea Manzese naenda mjini kazini. Mtulinga wa kulia umevunjika. Ringi ya mbele imejikunja, haizunguki kabisa. Kugongwa ni kugongwa, jiji hili hata aliyesimama kituoni anafuatwa hukohuko. Kilichonitia hasira mpaka leo silali ni yaliyofuata.

Kwanza nimjibu yule atakayeuliza kwa nini sikuwa kwenye njia ya baiskeli. Njia ipo, nakubali. Imejengwa pamoja na mwendokasi, na nimekuwa nikiitumia tangu mabasi yale yaanze 2016. Sasa pita asubuhi uione. Kijiwe cha bodaboda wamezipanga pikipiki msalaba. Mbele kidogo mwamvuli wa wakala wa miamala. Mbele tena kirikuu kinashusha saruji duka la vifaa vya ujenzi, tairi mbili juu ya njia na mbili chini. Halafu mama wa chapati na benchi lake, wateja wamenyoosha miguu. Ukipiga kengele wanakutazama kama umeingia sebuleni kwao bila hodi. Machinga walipohamishwa 2021 njia ilipumua kidogo, nikasema sasa mambo, wapi. Mama wa chapati simlaumu, anatafuta ridhiki na hakuna aliyempa sehemu yenye wateja. Mwenye kirikuu namlaumu, maana duka lake lina uwanja nyuma.

Basi ukishakutana na hayo yote unashuka barabarani, unakaa ukingoni kushoto kabisa, unamwomba Mungu. Ndipo nilipokuwa. Ikaja gari ndogo, IST, ikanipita kulia, sijakaa sawa ikakata kushoto mbele yangu kuingia sheli. Indiketa hakuna. Alichofanya ni kuchomekea, na angemchomekea mwenye gari mwenzake angepigiwa honi na kutukaniwa ukoo. Mimi nina kengele. Nilibana breki zote mbili, bega likamfikia mlango wa nyuma, nikaenda chini na begi langu la spana (natengeneza printa na mashine za fotokopi, begi lina uzito wake).

Dereva akashuka. Sasa sikilizeni. Hakuja kwangu. Alienda kwenye mlango wake, akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akakilamba kile kidole, akasugua tena kuona kama utatoka. Ulipokataa kutoka ndipo akageuka:

"Kaka, we ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nilikuwa nakimbilia wapi! Mimi niliyekuwa naenda mbele, barabara inakoenda.

Dakika haijaisha, mahakama imeshakaa. Bodaboda wawili watatu, mlinzi wa sheli, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, na dada aliyekuwa anapita na chupa ya chai. Nimekalishwa kwenye ukingo wa sheli, mkono nimeushikilia kwa mkono mwingine, naona vitu vinazunguka. Mbele yangu kioo cha ile gari, kimebandikwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, imenyooka vizuri kabisa, haina hata kipovu.

Hukumu ikatoka haraka. "Kaka mkubwa, mpe kijana kitu akatengeneze baiskeli, yaishe." Kijana! Nina watoto watatu na mkubwa yuko sekondari. Ila dereva, ambaye nina hakika nimemzidi umri, ndiye "kaka mkubwa" kwa sababu ana funguo mkononi. Mzee wa kofia akaongeza kwa sauti ya upole: "Mwanangu, polisi utapoteza siku nzima bure, chukua unachopewa, umshukuru Mungu uko mzima." Hakuna aliyesema nipelekwe hospitali. Habari ilikuwa ni ringi. Dada wa chai peke yake ndiye aliyesema "jamani huyu mkono umekaa vibaya", akaambiwa ni mshtuko tu.

Dereva akatoa noti tatu za elfu kumi, akazikunja, akaniwekea kwenye mfuko wa shati. Hakunipa mkononi. Kwenye mfuko wa shati, hivi, halafu akaupigapiga mfuko. Nikazitoa nikamwekea juu ya boneti. Hapo ndipo nikawa mbaya mimi. "Huyu anataka mtaji," bodaboda mmoja akasema, wakacheka.

Trafiki akaja. Sitamtaja wala kituo sikitaji. Akauliza dereva leseni, akaitazama, akarudisha. Akanigeukia mimi: "Baiskeli yako ina taa?" Afande, ni saa moja na nusu, jua lile. "Kengele?" Ipo. Akaipiga mwenyewe, ikalia. Nadhani alikasirika ilipolia. Akasema nyinyi wa baiskeli ndio mnaoleta matatizo barabara kubwa, halafu akashauri, hata yeye, kwamba tungeelewana tu maana kituoni tutasumbuana.

Wakuu, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, Sura ya 168, na baiskeli imo humo kama chombo kinachoruhusiwa kuwa barabarani. Hatukuingia kwa hisani ya mtu. Anayekata kona ndiye anayetakiwa kuonyesha ishara na kuhakikisha njia iko wazi. Aliyesababisha ajali yenye majeruhi anatakiwa asimame, asaidie, na taarifa ifike polisi. Haya siyo mambo ya kuelewana kwenye sheli. Mtu akivunjwa mfupa, mzee wa kofia na bodaboda wanapata wapi mamlaka ya kufunga kesi?

Nikang'ang'ania. Nikapata PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, baada ya kukaa kwenye benchi mpaka mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, na kabla ya kupewa nikatumwa nikatoe kopi duka la ng'ambo kwa hela yangu. Mimi, fundi wa mashine za fotokopi. Hospitali nayo, ambayo pia siitaji, swali la kwanza dirishani lilikuwa "PF3 iko wapi?", kwa hiyo kama ningechukua ile elfu thelathini nikaenda zangu, ningefika pale sina kitu na ningeanza kuzunguka upya. Watu hawaambiwi hili pale barabarani. Ukikubali "yaishe", hakuna kumbukumbu yoyote polisi, na usiku bega likigoma ni wewe na panadol yako. Picha ikaonyesha mtulinga umeachana vipande viwili. Nimefungwa mkono shingoni, kazi hakuna wiki kadhaa, na sisi mafundi usipotengeneza huli.

Sasa njooni kwenye bima, maana hapa ndipo nilipoona tunavyofanywa wajinga. Tanzania gari haliruhusiwi kuwa barabarani bila bima, angalau ile ndogo ya mtu wa tatu. Ni lazima kisheria, Sura ya 169. Huyo mtu wa tatu ni nani? Ni mimi! Dereva analipa kila mwaka ili akinivunja mtulinga kampuni ndiyo ibebe. Mfukoni mwake hakitoki kitu. Lakini alinung'unika pale kama namnyang'anya ada ya shule. Na watu mia wanaopita barabara ile ukiwauliza, watakwambia bima ndogo ni kwa ajili ya trafiki asikukamate.

Kuangalia kama gari lina bima ni dakika moja. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wana mfumo wao mtandaoni, unaingiza namba ya gari unaona bima iko hai au imekufa na ni ya kampuni gani. Nimefanya hivyo nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Iko hai. Nikasema Mungu mkubwa. Kwenda kwenye kampuni yenyewe (siitaji, msiniulize inboksi), kijana wa mapokezi akaniambia mwenye gari ndiye anayetakiwa aje atoe taarifa kwanza, ajaze fomu, ndipo waniangalie mimi. Mwenye gari nikimpigia simu haipatikani. Mara ya mwisho alipopokea alisema, "Bwana, si tulikwambia tuyamalize ukakataa?"

Kwa hiyo adhabu ya kukataa elfu thelathini ni kuzungushwa mpaka uichukue kwa machozi.

Najua kuna watakaokuja na "mkuu nunua hata pikipiki, boxer", na wengine "kwani huna hela ya mwendokasi". Hela ya nauli ninayo. Sitaki hata kuanza kujieleza kwa nini napanda baiskeli, maana tukianza huko tunakubali kwamba mtu akipanda kwa sababu hana nauli, basi mfupa wake ni wa bei ya chini. Wale wanaoshusha mkaa kutoka Kisarawe alfajiri, gunia mbili nyuma na taa hana, wale wa samaki wanaotoka Feri na boksi linachuruzika maji, muuza mkate, muuza kahawa, hao ndio wapanda baiskeli wa Dar. Wanagongwa kila siku na wote wanamalizwa kwa "pole" na hela ya soda. Mimi angalau najua kuandika uzi. Nilimuuliza fundi baiskeli wangu pale Manzese, akacheka, akanionyesha rundo la ringi zilizojikunja nyuma ya kibanda, akasema hizo zote ni za "tumeyamaliza".

Na cha kuchekesha, jiji hili hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika, kwa sababu ya mwendokasi na hizo njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Wageni wanakuja wanapigwa picha. UWABA, umoja wa wapanda baiskeli, wamepiga kelele miaka na miaka kuhusu njia hizi. Kujenga tumejenga. Kumtoa mtu mwenye kirikuu juu yake kumetushinda, na kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki yoyote, inahitaji askari mmoja mwenye kitabu cha notifikesheni za faini apite saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi. Gari likiegeshwa kwenye njia ya mwendokasi mnaona linavyoshughulikiwa. Njia ya baiskeli iko mita chache tu kutoka hapo.

Ninachotaka kwenu ni hivi. Kama kuna mdau aliwahi kulipwa na bima ya mtu wa tatu bila dereva kutoa ushirikiano, aniambie alipitia wapi: alianza na barua kwa kampuni, alikwenda TIRA, au ilibidi kesi ya trafiki iishe mahakamani kwanza? Mwanasheria akiwepo humu naomba aongee Kiswahili cha kawaida. Na kama kuna mtu alikuwa anaweka mafuta pale Jumatano saa moja na nusu akaona, hata kama ni wewe uliyesema nataka mtaji, njoo inboksi, nakuhitaji uwe shahidi. Sheli wana kamera inayotazama mlangoni. Nimeomba waniangalizie, wakasema meneja hayupo.

Mrejesho: Dereva kanipigia sasa hivi kwa namba nyingine. Kapanda bei, elfu themanini, "tuyamalize kiutu uzima". Nimemwambia tuonane Jumatatu kituoni mbele ya mpelelezi, aje na hiyo fomu ya bima. Kakata simu.