Mjadala: Nani aliliua jeshi la pamoja la Ulaya mwaka 1954?

Kibwana: Wakuu, mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya, yaani wa kuunda jeshi la pamoja, ulitiwa saini Paris tarehe 27 Mei 1952 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Wazo lenyewe alilileta Mfaransa, Waziri Mkuu Pleven, Oktoba 1950. Halafu tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa likauzika, kura 319 kwa 264. Mtoto wamemzaa wao, wamemtupa wao. Mimi naona ni woga tu.

Nahodha: Woga? Pima maneno, mkuu. Kura ile haikuwa ya mkataba. Ilikuwa hoja ya utaratibu ya wabunge Jenerali Aumeran na mzee Herriot: ikipita, mkataba unatupwa bila kujadiliwa kifungu kwa kifungu. Serikali ya Waziri Mkuu Mendès France haikupiga kura kabisa. Wasoshalisti walipasuka katikati, 53 dhidi ya mkataba, 50 upande wake. Na hawa ni watu ambao ngome yao ya Dien Bien Phu, Vietnam, ilianguka tarehe 7 Mei mwaka huohuo. Soma ibara ya 13 ya mkataba: Mfaransa akitaka kutoa askari wake kwenye jeshi la pamoja awapeleke kwenye koloni linalowaka moto, anaomba kwa Kamisheni ya watu 9 inayoliendesha jeshi hilo, na kamanda mkuu wa NATO naye lazima aridhie. Nani angeidhinisha hilo akiwa ndiyo kwanza ametoka vitani?

Mwanaidi: Mnazunguka mbuyu. Hofu ilikuwa kufungiwa chumba kimoja na Mjerumani huku Uingereza ikikaa nje. Tazameni dawa iliyoponya. Mkutano wa London, 28 Septemba hadi 3 Oktoba 1954: Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, anaahidi kubakiza kwenye bara la Ulaya divisheni 4 pamoja na kikosi cha anga, na kutoviondoa kama wengi wa wanachama wa Mkataba wa Brussels, ule wa ulinzi wa 1948, hawataki. Adenauer, Kansela wa Ujerumani Magharibi, naye anaahidi kutotengeneza silaha za nyuklia, za kibiolojia wala za kemikali kwenye ardhi yake. Tarehe 23 Oktoba wanasaini Paris, Italia na Ujerumani zinaingizwa kwenye ule mkataba wa 1948, na Mei 1955 Ujerumani iko NATO. Ahadi ya Eden ingetoka 1952, jeshi la pamoja lingekuwepo.

Kibwana: Ahadi yenye mlango wa nyuma! Kukitokea dharura kubwa ng'ambo, Uingereza haifungwi. Na Eden anapozungumza London, askari wake wako Aberdare wanawasaka Mau Mau. Mfaransa aombe ruhusa, Mwingereza ajiruhusu mwenyewe.

Wa Nyeri: Ndugu, Aberdare usiitaje kupamba hoja. Watu walikufa kule. Na kama unaitaja, itaje sawasawa. Lancashire Fusiliers waliletwa kwa ndege kutoka Misri hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Brigedi ya 39 ilifika 1953 kutoka Uingereza, ya 49 ikafuata mwaka huohuo. Jeshi la Rhine, lile la Waingereza lililokaa Ujerumani, halikuguswa. Kenya haikufungua mlango wowote wa Ulaya.

Kibwana: Sikusema waliondolewa Rhine. Nimesema kifungu kiliandikwa na watu wenye makoloni, wakijua watakihitaji. Hazina ya askari ni moja. Brigedi mbili zikiwa mlimani Kenya, haziwezi kuwa pia akiba ya Ulaya.

Wa Nyeri: Hapo sawa. Lakini ndivyo ungesema tangu mwanzo.

Mwanaidi: Mmekamia kifungu ambacho hakikutumika. Kilichouma ni kile cha fedha: gharama za kuweka askari bara zikiizidi Uingereza kwenye fedha za kigeni, inaruhusiwa kuomba NATO ipitie upya masharti ya kifedha ya kuwaweka askari hao. Mwaka 1957 wakabisha hodi kwa sababu hiyohiyo ya gharama, na wenzao wakakubali Jeshi la Rhine lishuke kutoka takriban 77,000 hadi 64,000. Miaka mitatu tu baada ya London. Hakuna vita iliyowatoa, ni hesabu za pauni.

Nahodha: Hilo la fedha nakubaliana nawe, dada, na ndiyo sababu Mfaransa alitaka ahadi iandikwe, si ya mdomo. Kibwana, umeruka kutoka Paris hadi Aberdare. Lile neno woga bado hujalifuta.