Kadi ya picha kwenye Dell ya ofisini: pawa saplai mpya na adapta, au kadi isiyotaka waya?

mchora_ramani
Habari wakuu. Nina Dell ya ofisini, used, nataka kuiwekea kadi ya picha kwa ajili ya AutoCAD na Blender. Kuna mtu ananiuzia RX 580. Njia ya kwanza: nichukue hiyo, ninunue na pawa saplai ya kawaida ya wati 550 pamoja na adapta ya kuiunganisha na madabodi (bodi kuu). Njia ya pili: kadi ndogo isiyo na plagi ya umeme, pawa saplai ibaki ileile. Hela inatosha njia moja tu na muuzaji ananisubiri hadi Jumamosi. Ipi bora?

FundiWati
Mkuu, Dell ipi? OptiPlex 7010 na 9020 za mnara ukiziweka pamoja utadhani pacha, kumbe 7010 ina plagi ya kawaida ya pini 24 na 9020 ina ya pini 8. Fungua ubavu, hesabu pini za plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi. Soma na kibandiko cha pawa saplai: wati ngapi, na laini ya volti 12 inatoa ampia ngapi. Ni mnara au ile nyembamba? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Bi_Saketi
Akiwa anahesabu, nitangulize hili. RX 580 inakula wati 185 hivi. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, inatoa 75, basi; zinazobaki lazima zije kwa waya wa pini 8 wa kadi, ambao kwa kanuni unabeba 150. Mashine za ofisini kwa kawaida hazina waya huo kabisa.

Kubwa zaidi ni Blender yenyewe. Tangu toleo la 3.0, Cycles, injini yake ya kurenda (kutoa picha ya mwisho), haiitambui tena RX 580, kwa hiyo kurenda kutarudi kwenye prosesa. Atanunua kadi, pawa saplai na adapta, kisha kazi aliyoitaka isifanyike. Achukue RTX 3050 ya GB 6: wati 70, haina plagi. GTX 1650 nayo ni wati 75, ila aikague ukingoni kabla hajatoa hela, kuna matoleo yaliyobandikwa plagi ya pini 6. RX 6400 ni wati 53 lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye madabodi ya zamani hilo linaipunguza nguvu.

kaka_volti
Kwa Cycles nakubali. Kwa mengine sikubali. Pawa saplai ya kiwango kizuri unaihamisha leo, kesho, na mashine ijayo. Ile ya Dell inafaa Dell pekee. Anunue ya modula, ile ya nyaya zinazochomoka, asizozihitaji zibaki kwenye boksi.

MzeeWaNyaya
Ya modula kwa mtu anayeanza? Hapana. Au basi aambiwe yote.

Upande wa kadi, diski na madabodi ya kawaida (si kama hiyo ya Dell yenye pini 8), plagi zina kanuni moja dunia nzima. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Kuna mashine ililetwa mezani ikiwa na SSD moja na diski mbili kubwa. Pawa saplai ya zamani ilikuwa imekufa, ikafungwa mpya, na aliyeifunga akaona kuvuta nyaya upya ni usumbufu, akaziacha za zamani mle ndani. Plagi ya pini 6 ya waya wa SATA (unaopeleka umeme kwenye diski) iliingia vizuri, ikalia “tak” kama kawaida. Mashine ikawashwa, feni zikapiga nusu duru na kusimama. Ikajaribiwa mara nne au tano.

Waya ulipopimwa, pini iliyotakiwa kutoa volti 5 ilikuwa inatoa 12. SSD haikufufuka. Diski zile mbili zilikuwa na bahati: kwenye bodi yake ya chini, karibu na plagi ya umeme, diski huwa na diodi ya kulinda laini ya volti 5. Volti zikizidi, diodi inafunguka na kupeleka umeme wote ardhini, ndiyo maana pawa saplai ilikuwa inakata. Zilitolewa diodi zile, diski zikasoma, data ikahamishwa siku hiyohiyo. Diski yenyewe huiachi ikifanya kazi hivyo, maana haina tena ulinzi.

Kwa hiyo ukinunua ya modula, nyaya zake ziwekee alama na usizichanganye. Ukiuziwa used bila nyaya zake, iache.

kaka_volti
Hilo ni kosa la fundi, si la modula.

MzeeWaNyaya
Plagi inayoingia pasipofaa bila kugoma ni kosa la aliyeiunda pia, kaka.

pwani_bodi
Naongeza la huku Mombasa. Tunapata mashine na pawa saplai zilizotoka Marekani. Angalieni nyuma kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 115 nawe uko kwenye umeme wetu, inapasuka palepale unapoiwasha ukutani, kabla hata hujagusa kitufe cha kompyuta. Zisizo na swichi, soma kibandiko: kiandike 100-240 au 200-240.

mchora_ramani
Asanteni. Nimefungua. Ni 9020. Plagi kubwa ina pini 8, nyingine ya pini 4 iko karibu na prosesa. Kibandiko kinasema wati 290. Diski zinapata umeme kwenye madabodi, si kwenye pawa saplai, hapo nimeshangaa.

FundiWati
290 basi ni mnara. Usishangae: pawa saplai hiyo inatoa volti 12 tu, na madabodi ndiyo inayoshusha kupata 5 ya diski.

Ukienda njia ya adapta, fuata mpangilio huu. Kwanza pawa saplai mpya ikiwa peke yake, bila kuunganishwa na chochote: kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, itawaka. Pima njano: kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu: 4.75 hadi 5.25. Chungwa: 3.14 hadi 3.47. Zima, chomeka adapta, rudia upande wa pini 8 na ulinganishe na pawa saplai ya asili, pini kwa pini, kabla plagi haijagusa madabodi. Pima pia ikiwa imezimwa lakini bado iko kwenye umeme wa ukutani, kuna volti za kusubiri pale, na ndipo adapta za bei rahisi huharibu.

Halafu plagi ya prosesa. Pawa saplai mpya itakuwa na 4+4, yaani plagi ya pini 8 inayogawanyika nusu kwa nusu; tumia nusu moja, nyingine iache ining'inie. Usiichanganye na 6+2 ya kadi, ile ya pini 6 yenye kipande cha pini 2 pembeni. Ya prosesa, nyaya za njano ziko upande wa klipu. Ya kadi, upande wa klipu ni nyeusi. Umbo la vishimo linazuia kukosea, lakini mkono wenye haraka unalazimisha, na hapo unakuwa umeunganisha chanya na hasi.

kaka_volti
Nyaya za siku hizi ni nyeusi zote, mkuu. Rangi hazitamsaidia.

FundiWati
Kweli. Basi ahesabu kutoka kwenye klipu, na mita iwe mkononi.

mchora_ramani
Muuzaji amebadilisha. Sasa ana GTX 1650, bei nafuu kuliko RTX 3050, ila ina plagi ya pini 6. Anasema atanipa bure waya wa kutoka SATA kwenda pini 6, pawa saplai ibaki ya Dell.

Bi_Saketi
Usikubali. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampia 1.5. Jumla 4.5, sawa na wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75, yaani ampia 6.25. Na kwako SATA inatoka kwenye madabodi, kwa hiyo mzigo wote utapita kwenye mistari myembamba ya bodi ambayo iliwekwa kwa ajili ya diski mbili. Ikiungua, haiungui adapta peke yake.

pwani_bodi
Akipata yenye plagi mbili za SATA kwenda moja ya pini 6 je? Hugawana.

Bi_Saketi
Zikitoka kwenye plagi moja ya madabodi, zimegawana nini?

MzeeWaNyaya
Mwulize muuzaji kama ana 1650 isiyo na plagi. Zipo nyingi, hata fupi za feni moja.

kaka_volti
Au achukue hiyo hiyo na pawa saplai ya 450 na adapta ya pini 8. Mchora_ramani, tupe picha ya ile plagi ya pini 8, karibu, klipu ionekane, tuangalie mpangilio wa rangi.

mchora_ramani
Naituma jioni, umeme umekatika hapa. Kuhusu 1650 isiyo na plagi, ameniambia anaulizia kwa mwenzake.