Hivi shetani kwenye picha ya Malaika Mikaeli lazima awe mweusi?

Wadau, kwa bi mkubwa sebuleni ipo ile picha mnayoijua wote, imening'inia juu ya tivii, malaika nywele za dhahabu, upanga juu, mguu kichwani kwa shetani, usoni hata jasho hana utadhani anasubiri daladala. Nimekua nayo hiyo picha ila juzi ndo nimekaa nikaitazama vizuri, yule wa chini rangi ni yangu kabisa mpaka pua.

Picha mama ni ya mchoraji Mtaliano Guido Reni, 1635 hivi, ipo Roma kanisa la watawa Wakapuchini. Shetani wake ni mzee wa Kizungu ana kipara na ndevu, na watu wa enzi hizo walinong'ona kwamba kafananishwa na kardinali Pamphilj, yule aliyekuja kuwa Papa Innocent X. Yaani Reni alikuwa anasemana na watu wa kwao huko, sasa huu weusi kwenye kopi zetu umetoka wapi?

Na msiseme ni sebuleni tu. Uingereza kuna nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ipo tangu 1818, na kwenye zile za muundo wa zamani malaika mweupe kamkanyaga shetani mweusi. Juni 2020, mwezi mmoja hivi baada ya George Floyd kufa na goti la polisi shingoni, Gavana Mkuu wa Jamaica Patrick Allen akasitisha kuivaa kwa sababu ya picha hiyo.

---

Mkuu unatafuta ubaguzi pasipokuwepo, ni fumbo tu hilo, nuru na giza. Mbona Wamakonde wanachonga mashetani meusi tii na hulalamiki?

---

Ndugu yangu, ya Wamakonde ni meusi kwa sababu mpingo ni mweusi, wangechonga malaika naye angetoka mweusi vilevile. Halafu hilo fumbo la giza Biblia yenyewe hailiweki kwenye ngozi, fungua Ufunuo 12:3, joka ni JEKUNDU, na Paulo anasema shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Kwahiyo mchoraji ndo kachagua, si Maandiko.

Nilimuuliza bi mkubwa tuishushe. Kanijibu mimi namtazama wa juu, wa chini unamtazama wewe. Haya nyie mnasemaje, ibaki au ishuke?