Nampeleka mama Unguja: sisi hatuna kitu, shemeji anazo. Pwani ya Mji Mkongwe tuipangeje?

Kijana wa Nala:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kuvuka maji. Mwezi ujao namtoa Dodoma hadi Unguja, tulale siku mbili. Ukiacha nauli, mfukoni nina laki tatu na nusu. Dada na mumewe wanatokea nje, tutakutana hukohuko. Shemeji anataka kulipa kila kitu, mama hataki kabisa. Kasema hawezi kuwa mzigo kwa mkwewe. Halafu magoti yanamsumbua. Tutembeeje pamoja bila mtu kuona aibu?

Papasi Mstaafu:
Mkuu, pwani ile haina kiingilio, aibu itoke wapi? Mkitoka bandarini Malindi, fuateni barabara ya Mizingani, bahari iwe kulia. Kwanza mtaliona jengo la Dispensari ya Kale, lile lenye roshani za mbao zilizochongwa, alilolijenga tajiri Tharia Topan. Mbele kidogo kuna Mtini, mti mkubwa ambao watu wa boti hukaa kivulini mwake. Hapo mama apumzike. Kisha Kasri la masultani, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, Ngome Kongwe, na bustani ya Forodhani iko mkabala. Ni mwendo mfupi, hata kwa magoti mabovu, ila msikubali mtu awabebee begi bila kupatana. Nilikuwa papasi, kazi ya kuwazungusha wageni, najua tunavyowatazama.

Mchukuzi_Tanga:
Beit al-Ajaib msimwahidi kuingia. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwonyesheni kwa nje, mwambieni Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na umeme na lifti vilikuwemo watu wengi wa pande hizi wakiwa hawajaviona. Ngome Kongwe nilipoingia uani sikutozwa hata senti, na kuna pa kukaa. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno.

Bi Shangani:
Mwanangu, karibuni kwetu. Forodhani msije mchana, jua litamchosha mama bure. Njooni alasiri inapokwisha. Vijana wanapiga makachu: anarudi nyuma hatua kumi, anakimbia, anajirusha baharini na nguo zake, mwenzake yuko nyuma yake tayari. Hiyo tamasha ni bure, na tajiri na maskini wanakaa ukuta mmoja.

Kwenye chakula, fungua macho. Muuzaji atakuwekea pweza, kamba, mshikaki, chapati, huku anakusifia, sahani inajaa. Hesabu inakuja mwisho. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa sahani. Juisi ya miwa mnunulie mama: muwa unakunjwa na ndimu na tangawizi ndani yake, unapitishwa kwenye mashine mara tatu nne mpaka ubaki makapi makavu. Hiyo haina ujanja.

Mla Urojo:
Bi Shangani, kwa heshima zote, pale pa wageni. Mkitaka kula kwa nafuu ingieni ndani ya mji, upande wa soko la Darajani. Forodhani nendeni kutazama tu.

Bi Shangani:
Mwenye magoti mabovu umtembeze hadi Darajani usiku kwa ajili ya urojo? Haya.

Mama Wawili:
Kijana wa Nala, mimi nimeolewa kwenye familia yenye pesa, nakuelewa. Kinachomuumiza mama ni kuhesabiwa kichwa, mkwe akitoa noti mbele yake. Kwa hiyo mwache shemeji alipie kisichohesabiwa vichwa. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa hukodiwa nzima, wakiwa wawili au wanne bei ni ileile. Mama atapanda kwenye boti ambayo shemeji angeikodi hata asingekuwepo. Malazi yenu lipeni wenyewe, nyumba ya kawaida ya ndani ya mji, ila uliza ngazi kabla ya bei! Nyumba za kale zina ngazi kali kama za mnazi.

Papasi Mstaafu:
Hilo la boti ni sawa, lakini kupanda ni kukanyaga maji pale ufukweni. Mvalishe kandambili, na mpatane na nahodha mapema amshike mkono. Kiingilio cha kisiwani ni cha peke yake, shemeji akimalize kimyakimya.

Mchukuzi_Tanga:
Akipenda historia, kanisa la Mkunazini lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vina dari fupi, mtu anaingia ameinama. Mama abaki juu, kwenye sanamu za waliofungwa minyororo. Mimi sikuweza kukaa pale zaidi ya dakika kumi.

Kijana wa Nala:
Nimemsomea mama. Boti kakubali, ila kasema juisi ya miwa atamnunulia shemeji yeye. Hata khanga ya kuwafunga kobe ameshaanza kutafuta, sijui anadhani wanavaa. Swali la mwisho: boti ya kutoka Dar tupande ya saa ngapi? Anaogopa kutapika.

Bi Shangani:
Ya saa moja asubuhi. Akae chini, upande wa nyuma, asishibe sana. Na mchukue vitambulisho vya taifa, msije mkatozwa nauli ya wageni.