Tupeane uzoefu: kusoma stika ya visa ya Schengen na kuhesabu siku zako

MsafiriPwani: Wakuu, tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu stika ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), maana ndipo wengi wanapoponzwa. Tarehe za visa na siku za kukaa ni vitu viwili. Ikiandikwa 10 Juni hadi 4 Julai, muda wa kukaa siku 10, una siku 10 tu ndani ya tarehe hizo. Zile 15 za ziada zipo ili safari ikisogezwa visa isife. Siku ya kuingia inahesabiwa hata ukitua saa tano usiku, na ya kutoka vilevile. Ukiingia tarehe 10, mwisho wako ni 19.

BintiKilindini: Nyongeza, mkuu. Angalieni idadi ya kuingia. Ikiwa 1, ukishatoka imekwisha, hata siku zikibaki. Uingereza na Ireland hazimo Schengen, kwa hiyo anayepanga Paris, London kisha Amsterdam anahitaji 2 au MULT (kuingia mara nyingi), pamoja na visa ya Uingereza. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya.

MzeeWaFomu: Na MULT ya mwaka si ruhusa ya kukaa mwaka. Ni siku 90 ndani ya 180, na hizo 180 huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia kila siku unayokuwa huko. Kutoka siku moja na kurudi hakufuti chochote! Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wageni kwa vidole na picha katika EES, mfumo wa kurekodi kuingia na kutoka, hivyo kompyuta ndiyo inayohesabu. Msitegemee afisa asiyesoma mihuri.

Mama_Bukavu: Ndugu zangu wenye pasipoti ya Congo (DRC), hata kubadilisha ndege tu Brussels bila kutoka uwanjani kunahitaji visa ya transiti. Mwenye visa hai ya Marekani au Kanada husamehewa. Ulizeni kabla ya kulipa tiketi, kwa sababu shirika la ndege litawazuia hukohuko mnakopandia.

BintiKilindini: Kweli kabisa, mama.

MzeeWaFomu: Maombi yapelekwe nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana, ile unayoingilia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima isipungue euro 30,000, ilipie na kurudishwa nyumbani, na ifunike siku zote za safari. Kagueni tarehe zake dhidi ya tiketi: pengo la siku moja linatosha kukwamisha faili.