Tupeane uzoefu: Utangulizi wa ripoti za wanyama shuleni

Mwalimu wa darasa la tano, Bombo:
Walimu wenzangu, salamu. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti fupi kuhusu mnyama au ndege, na daftari baada ya daftari likaanza vilevile: "Simba ni mnyama. Ana miguu minne." Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu hadi nilipotambua kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilidai utangulizi kwa mtoto ambaye bado hajui atasema nini. Siku hizi tunaanza na kiini: tunasoma, tunatazama picha, wanaandika aya za makazi, chakula na malezi, ndipo wanaporudi mwanzoni, pale tulipoacha mistari mitano mitupu. Msichana aliyekuwa ameandika "Korongo ni ndege. Ana mabawa" alirudi akaandika: "Korongo taji ni ndege aliye kwenye bendera yetu ya Uganda. Korongo wengine wengi hawatui mtini, lakini yeye hulala juu ya mti kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na hushika tawi. Ripoti hii inaeleza anakoishi, anachokula na anavyolea vifaranga wake." Nilimwomba aisome mara mbili mbele ya darasa. Nanyi mnafanyaje?

Mwalimu wa darasa la nne, Arua:
Asante, mwalimu. Kwangu tatizo lilikuwa hadithi kuingia ndani ya ripoti: "Mbuzi wetu alikula shati la baba." Sikutaka kumnyima mtoto mbuzi wake, kwa hiyo nilimtuma nyumbani amtazame machoni. Kesho yake alieleza, kwa mdomo kwanza, kwamba mboni ya jicho la mbuzi imelala kama mstari, si duara kama yetu, na wenzake wakamuuliza kwa nini. Swali hilo ndilo lililompa sentensi ya kwanza, na "mbuzi wetu" akawa "mbuzi" bila mimi kumfokea. Tangu hapo hakuna anayeandika utangulizi kabla hajausema kwa jirani yake wa dawati.

Mwalimu, Tororo:
Mimi nina tahadhari mbili. Ukiwafundisha "Je, unajua kwamba...?" wataitumia wote, kwa hiyo nimeiondoa kabisa ubaoni. Pili, utangulizi hubeba madai makubwa, nayo lazima yachunguzwe. Mvulana wangu alianza hivi: "Kifaru ni mnyama asiyepatikana Uganda." Ni kweli walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini tangu 2005 wamekuwa wakizalishwa upya katika hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola. Alipolijua hilo, alifuta sentensi yake, akaanza na kurudi kwa kifaru, na ripoti nzima ikabadilika.

Mwalimu wa darasa la tano, Bombo:
Nashukuru sana, ndugu zangu. Jumatatu wanangu watausema utangulizi kwa majirani zao kabla ya kushika kalamu. Mwalimu wa Arua, wewe una watoto wangapi darasani, na kelele unazidhibiti vipi?